Akili Mnemba na Homa Ziletwazo na Mbu: Nani Atajenga Ghala Tabora?

Mvua za Tabora huja kwa msimu mmoja tu. Huanza mwezi wa Novemba, hupumzika kidogo katikati, kisha huendelea hadi Aprili. Na kila mama mwenye mtoto mdogo katika Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega au Igunga anafahamu kitakachofuata. Madimbwi yakishatulia mbu huongezeka, na mbu wakiongezeka foleni ya zahanati hurefuka. Hakuna aliyehitaji kompyuta ili kulijua hilo. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni wataalamu wa afya, wa hali ya hewa na wa kompyuta wamekuwa wakitueleza kwamba akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, inaweza kutabiri ni wapi na ni lini magonjwa yaenezwayo na mbu yatapanda, majuma au hata miezi kadhaa kabla ya wagonjwa kuanza kufika. Ni habari njema, nasi hatuna nia ya kuibeza. Lakini inafaa kuuliza mapema: utabiri huo ukifika Tabora, utamkuta nani yuko tayari kuupokea?

Swali hilo linatugusa sisi kuliko wengi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliwapima watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 nchini kote, na kwa wastani wa taifa asilimia 8 walikutwa na vimelea vya malaria. Mkoa wa Tabora ulikuwa na asilimia 23, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, ukifuatiwa na Mtwara wenye asilimia 20 na Kagera wenye 18. Katika Arusha, Kilimanjaro na Manyara kiwango hicho hakikufika hata asilimia 1. Tuliweke jambo hili karibu na macho yetu. Watoto mia moja wa umri huo wakikusanyika kigangoni siku ya Dominika, kwa wastani ishirini na watatu wamebeba vimelea, na baadhi yao wanacheza kana kwamba hawana neno. Kwa wastani huo huo, kwenye kigango cha Moshi au cha Mbulu pengine asipatikane hata mmoja. Tunasali kwa lugha moja na tuna wizara moja ya afya, lakini katika jambo hili ni kana kwamba tunaishi katika nchi mbili.

Ili kuelewa akili mnemba inafanya nini, na nini haiwezi kufanya, turudi kwanza nyuma, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Mwaka 1856 mpelelezi Mwingereza Richard Burton alichapisha kitabu kuhusu safari yake katika nchi ya Wasomali. Humo alisimulia kwamba wenyeji walimwambia homa kali hutokana na kuumwa na mbu. Msomi huyo aliihesabu habari hiyo kuwa imani potofu, akaifafanua kwa kusema kwamba huenda imezuka kwa sababu mbu na homa huzidi katika majira yale yale. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 1857, Burton huyo huyo aliingia Kazeh, yaani Tabora yetu ya leo, akiwa pamoja na John Speke, wote wawili wakiwa wamesumbuliwa na homa njia nzima. Alipoondoka kuelekea Ziwa Tanganyika hali yake ilizidi kuwa mbaya hata miguu ikakataa kumbeba, ikambidi kubebwa kwa machela mabegani mwa watu. Ilichukua hadi mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akifanya kazi nchini India, alipoona vimelea vya malaria ndani ya mwili wa mbu, na ukweli waliousema wale wafugaji ukawa elimu ya vitabuni.

Katika miaka iliyopita kati ya safari ile na ugunduzi huu, njia hiyo ilizika watu wengi. Wamisionari wa Afrika wa msafara wa kwanza walipopanda kutoka pwani mwaka 1878, Padre Joachim Pascal, aliyekuwa ameteuliwa kuongoza misheni ya Tanganyika, alifariki kwa homa kabla ya kufika Tabora. Majina ya wapagazi waliofia njiani hayakuandikwa popote.

Kisa cha Burton kinafaa kukumbukwa leo kwa sababu kinaonesha hasa mahali akili mnemba inapofanyia kazi. Burton na wale wenyeji walikuwa na taarifa zile zile: mbu wengi na homa nyingi, wakati mmoja. Wenyeji walisema kimoja huleta kingine, yeye akasema vimekutana tu. Mashine nayo hupewa taarifa za namna hiyo hiyo, kwa wingi usioweza kushikwa na kichwa cha mtu: mvua ya kila siku kumi, joto la usiku na la mchana, unyevu wa hewa, ukijani wa majani unavyoonekana kwa setilaiti, na idadi ya wagonjwa kwa kila juma katika kila kituo cha afya kwa miaka mingi iliyopita. Hutafuta ni vitu gani hukutana mara kwa mara na baada ya muda gani, kisha hutumia mikutano hiyo kukadiria yajayo. Haijui kwamba mbu huuma wala mtoto ni nini. Huona tu kwamba namba fulani zikipanda, namba nyingine hufuata.

Na kwa malaria kuna cha kufuata kweli kweli, kwa maana maumbile yenyewe yana kalenda. Yai la mbu aina ya Anofelesi likitagwa kwenye maji yaliyotuama, katika joto la huku huchukua siku kumi hadi kumi na nne kupitia hali ya kiluwiluwi hadi kuwa mbu mwenye mabawa. Mbu huyo akimnyonya mtu mwenye vimelea, vimelea hivyo huhitaji siku kumi au kumi na mbili nyingine kukomaa mwilini mwake, kwenye joto la nyuzi 25. Akimuuma mtu mwingine, hupita tena juma moja, mawili au zaidi kabla ya homa kujitokeza. Ukijumlisha, kati ya mvua kubwa na foleni ndefu kuna mwezi mmoja hadi miwili. Muda huo ndio ambao kila mtabiri, awe mzee wa kijiji au kompyuta, anajaribu kuutumia.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanyika karibu nasi, na si ndoto za watu wa mbali. Nchini Kenya, mtafiti Andrew Githeko wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI alitengeneza pamoja na wenzake modeli inayotumia joto na mvua kuonya juu ya milipuko ya malaria katika nyanda za juu za magharibi, miezi miwili hadi minne kabla. Nchini Botswana, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa utabiri wa mvua za msimu unaweza kutumika kuonya juu ya malaria kabla mvua zenyewe hazijanyesha. Huko Ethiopia, katika jimbo la Amhara, taarifa za setilaiti ziliunganishwa na taarifa za kila juma kutoka vituo vya afya. Na hapa kwetu Tanzania, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo kummulika mbu kwa mwanga wa infraredi na kuifundisha kompyuta kutambua aina yake na umri wake. Umri ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu mbu kijana, hata akiuma, bado hajawa na vimelea vilivyokomaa. Anayeua ni mbu aliyezeeka. Ukijua kwamba mbu wa kijiji fulani wengi wao wanakufa wakiwa vijana, umejua kwamba vyandarua na dawa ya kupulizia ukutani vinafanya kazi.

Basi elimu ipo. Ugumu uko kwingine, na hapa tuseme wazi kwa kuwa ndipo matangazo mengi ya teknolojia yanaponyamaza.

Tuchukue zahanati yoyote ya kijijini katika mkoa wetu. Mgonjwa anapofika, mhudumu humpima kwa kipimo cha haraka, humpa dawa mseto akikutwa na vimelea, kisha huandika jina, umri na majibu katika kitabu cha MTUHA. Mwisho wa mwezi hesabu za kitabu hicho hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa wizara. Hizo ndizo namba ambazo akili mnemba hufundishwa nazo. Sasa, vipimo vikiisha mwezi wa Februari, wakati malaria imepamba moto, mhudumu hana la kufanya ila kutibu kwa kukisia au kumtuma mgonjwa duka la dawa. Idadi ya wagonjwa waliothibitishwa hushuka ghafla. Kwenye karatasi, malaria imepungua. Mashine isiyojua kwamba boksi la vipimo lilikuwa tupu hujifunza kwamba mvua nyingi huleta malaria kidogo, na mwaka unaofuata hutuambia tusihofu. Vivyo hivyo kwa familia iliyo mbali na kituo, isiyofika kabisa: mtoto wake haonekani kitabuni, kwa hiyo mashine haioni kijiji chake kuwa na shida. Mahali penye uhitaji mkubwa kuliko pote ndipo panapoweza kuonekana pametulia.

Hata mataifa yenye taarifa tele yamejikwaa hapa. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya kutabiri mafua kwa kutazama maneno ambayo watu waliyatafuta kwenye intaneti. Ilisifiwa sana. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 ilikadiria wagonjwa wa Marekani karibu mara mbili ya idadi iliyoonekana na madaktari, na mwaka 2015 ikafungwa. Watu walikuwa wakitafuta habari za mafua kwa sababu waliyasikia kwenye vyombo vya habari, na mashine haikujua kutofautisha woga na ugonjwa.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ulitokea huku kwetu, na ndani yake utabiri wenyewe haukukosea. Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa virusi unaowapata kwanza ng'ombe, mbuzi na kondoo, ukawaua ndama na kuharibu mimba, kisha ukawaingia watu kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Baadhi ya mbu wanaoueneza hutaga mayai kwenye mabonde ya nyasi yanayofurika kwa msimu. Mayai hayo huweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakingoja mafuriko ili yaanguliwe. Kwa sababu hiyo ugonjwa huu hufuata mvua kubwa za El Niño. Mwishoni mwa mwaka 2006, wanasayansi wa shirika la anga la Marekani, NASA, wakiongozwa na Assaf Anyamba, walitazama joto la bahari na ukijani wa nchi kwa setilaiti, wakatoa tahadhari kwa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki majuma mawili hadi sita kabla ya ugonjwa kujitokeza. Haikuwa akili mnemba ya leo, lakini ulikuwa utabiri wa aina ile ile tunayoahidiwa sasa, tena ulitimia. Desemba ugonjwa ulikuwa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Kufikia Februari 2007 ulikuwa unaua watu Dodoma na Morogoro, nchi zile zile zilizokatizwa na misafara ya zamani.

Kati ya Januari na Juni 2007 Tanzania ilihesabu watu 511 walioshukiwa kuugua, katika mikoa 10 kati ya 21 iliyokuwapo wakati ule, na 144 kati yao walifariki dunia.

Baada ya mlipuko ule watafiti waliwauliza wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya na Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania mambo yalivyokwenda. Kwa upande wa Wasomali, tangu mvua kubwa kuanza hadi makundi ya mbu kutokea zilipita kwa wastani siku kama 24. Hadi mifugo ya kwanza kuugua zilipita siku nyingine kama 17, na hadi mtu wa kwanza kuugua, siku kama 17 tena. Kwa maneno mengine, nchi ilitoa notisi ya karibu miezi miwili, na wafugaji walikuwa wameisoma: walitambua kwamba mvua ile na mbu wale ni dalili ya maradhi wanayoyafahamu. Lakini tangu mtu wa kwanza kuugua hadi huduma ya tiba kufika zilipita siku kama 30, na tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma ya mifugo kufika zilipita siku kama 62. Setilaiti iliona. Mfugaji naye aliona. Aliyechelewa ni yule mwenye gari, sindano na saini ya kuidhinisha fedha. Na ni vigumu kutokumbuka kwamba watu hawa ni wa jamii ile ile ya Wasomali ambao miaka 150 kabla yake walimweleza Burton habari za mbu asiwasadiki.

Waamini wanaifahamu habari ya Yusufu katika kitabu cha Mwanzo. Mara nyingi tunapoihubiri tunakaa sana kwenye ndoto: ng'ombe saba wanono, ng'ombe saba waliokonda. Lakini Misri haikuokolewa na tafsiri ya ndoto. Iliokolewa na maghala. Yusufu alipomaliza kutafsiri alimshauri Farao bila kuchukua pumzi: teua mtu, weka wasimamizi, toza sehemu ya tano ya mavuno, itunze mijini. Farao angeisifu tafsiri ile na kurudi kulala, njaa ingekuja kwa tarehe ile ile iliyotabiriwa, nao watu wangekufa wakiwa na taarifa sahihi.

Ghala la Tabora ni lipi? Ni vipimo vya haraka na dawa mseto vikiwapo kwenye rafu ya zahanati kabla ya Januari, dawa ya sindano ya malaria kali katika kituo cha afya, na damu salama hospitalini kwa mtoto aliyeishiwa damu. Ni chandarua chenye dawa ambacho hakijatoboka, na pikipiki au gari la kumfikisha mama mjamzito barabarani wakati mbuga imejaa maji. Bohari ya Dawa ina kanda yake hapa Tabora, kwa hiyo safari ya boksi la vipimo kwenda Kaliua au Igunga si safari ya kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo utabiri mzuri ungeweza kuwa na faida halisi. Mashine ikisema mwezi wa Novemba kwamba kata fulani za Uyui zitaelemewa mwezi wa Februari, dawa zinaweza kupelekwa huko kwanza, barabara zikiwa bado zinapitika. Lakini ikiwa dawa hazipo bohari, au zipo na hakuna mafuta ya gari, tutakuwa tumepata njia mpya ya kujua mapema jambo tusilokuwa tayari kulizuia.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoleta mifumo hii wanapaswa kulizingatia. Mifumo mingi ya kutabiri malaria ilibuniwa kwa ajili ya maeneo ya milipuko, kama nyanda za juu za Kericho au mipaka ya jangwa la Botswana, ambako ugonjwa ni mgeni anayekuja kwa ghafla. Tabora, yenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na joto lisiloshuka vya kutosha kumzuia mbu, malaria si mgeni. Ni mwenyeji anayenenepa kila masika. Ukimwambia mhudumu wa Sikonge kwamba malaria inakuja, atakutazama tu. Anachohitaji kujua ni kama mwaka huu itazidi ile ya kila mwaka, kwa kiasi gani, na katika vijiji vipi. Na kwa watoto ishirini na watatu katika kila mia, ambao wana vimelea hata sasa, swali la lini halina maana kubwa. Kwao mlipuko haujawahi kuisha. Ni hatari kwamba fedha na macho ya wakubwa yakaelekezwa kwenye kutabiri kilele, huku bonde lenyewe, lililo juu kuliko vilele vya mikoa mingine, likizoeleka kama hali ya kawaida.

Aidha, mashine hula taarifa, na taarifa zina gharama. Ile asilimia 23 tuliyoitaja mwanzo ilipatikana kwa watafiti kubisha hodi nyumba kwa nyumba na kuchoma vidole vya watoto. Mpango wa kimataifa uliosaidia nchi nyingi kufanya tafiti za namna hiyo kwa miongo minne ulitegemea sana fedha za Marekani, na mwezi Februari 2025 ulisimamishwa serikali ya nchi hiyo ilipopunguza misaada yake. Mtandao wa FEWS NET, unaotoa tahadhari za njaa, nao ulizimwa kwa miezi kadhaa mwaka huo huo. Tunaahidiwa jicho linaloona mbali zaidi katika siku zile zile ambazo mboni yake inafungwa. Taifa linalotaka kutabiri magonjwa yake lazima likubali kulipia hesabu zake, kuanzia kalamu na kitabu cha zahanati hadi vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mama Kanisa hajakaa kimya juu ya teknolojia hii. Tarehe 28 Januari 2025 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, kwa kushirikiana na Baraza la Kipapa la Utamaduni na Elimu, walitoa waraka uitwao Antiqua et Nova kuhusu akili mnemba na akili ya binadamu. Katika sehemu inayohusu afya, waraka unatambua kwamba chombo hiki kinaweza kuwasaidia madaktari na kuwafikia walioachwa pembeni, lakini unaonya kisije kikachukua nafasi ya uhusiano kati ya mgonjwa na anayemhudumia, wala kisizidishe pengo kati ya wenye uwezo wa kupata tiba bora na wasiopata hata ile ya msingi. Tena unasisitiza kwamba maamuzi yanayogusa maisha ya mtu, pamoja na uwajibikaji wake, yabaki mikononi mwa binadamu. Naye Baba Mtakatifu Leo wa XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba mabadiliko yanayoletwa na akili mnemba ni mojawapo ya sababu za kulichagua jina la Leo, kwa kumkumbuka Leo wa XIII na waraka wake wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi.

Kwa Tabora mafundisho hayo yana tafsiri ya karibu. Utabiri ukikosea, dawa zikapelekwa Nzega wakati watoto wanaugua Urambo, nani atawajibu wazazi wa Urambo? Haitoshi kusema kompyuta ndiyo iliyoamua. Lazima awepo mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa mwenye jina, mwenye mamlaka ya kuukataa ushauri wa mashine pale wahudumu wake wanapomwambia mambo ni tofauti, na asiyeadhibiwa kwa kuukataa. Vilevile taarifa za wagonjwa ni za wagonjwa. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuna msingi wa kisheria wa kuhoji ni nani anapewa majina, umri na majibu ya vipimo vya watu wetu, kwa kazi gani, na kama yanavuka mipaka ya nchi.

Kanisa lina sababu ya pekee ya kuyahoji haya, kwa kuwa si mtazamaji katika sekta ya afya. Hospitali ya Ndala, wilayani Nzega, na zahanati nyingine za Kanisa huandika vitabu vile vile vya MTUHA, na wagonjwa wao wamo katika hesabu zile zile. Na kabla ya vitabu hivyo alikuwapo Adrian Atiman, Mwafrika aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomea uganga huko Malta. Alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu watu na kuwafundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Katika miaka ipatayo sitini na saba kwenye kituo kimoja, bila shaka alijua ni mwezi gani na ni kutoka kijiji kipi wagonjwa wa homa wangeanza kuletwa. Ujuzi wa namna hiyo, wa mtu aliyekaa, ndio mashine inaojaribu kuukusanya kutoka maelfu ya vituo kwa mara moja. Hauwezi kukusanywa pale ambapo wahudumu wanahamishwa kila mwaka, au zahanati ina mhudumu mmoja anayepima, anayetibu, anayezalisha na anayeandika.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nafasi yake hapa, bila kuzibebesha kazi ya serikali. Jumuiya hukutana kila juma, nyumba kwa nyumba. Inajua ni nani hakuja kwa sababu mtoto ana homa, na nyumba ipi imetundika chandarua juu ya bustani ya mchicha. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakizungumza na viongozi wa jumuiya, yule mtoto wa mbali ambaye haonekani katika kitabu ataanza kuonekana. Paroko naye anaposoma matangazo ya ndoa anaweza kuongeza tangazo moja la zahanati, hasa kati ya Krismasi na Kwaresima, kwamba homa ya mtoto haisubiri hadi kesho.

Kwa sasa tunao utabiri mmoja usiogharimu kitu. Kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa msimu kwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, Tabora ikiwamo. Tangazo hilo husikilizwa na wakulima wa tumbaku na mpunga, nao hupanga kazi zao. Kamati za zahanati, za serikali na za Kanisa, zinaweza kulisikiliza kwa sikio jingine, zikakutana mwezi ule ule wa Oktoba, zikahesabu vipimo na dawa zilizomo stoo, zikalinganisha na zilivyotumika Januari hadi Aprili ya mwaka uliotangulia, na kuagiza upungufu mapema. Oda inayotumwa Februari, wagonjwa wakiwa wamejaa barazani, huweza kufika madimbwi yakiwa yameshaanza kukauka.